Kodi mbili, ya nyumba na ya F

Yaani mwezi huu nadaiwa kodi mbili na zote sijui ntazimalizaje, moja ya chumba nyingine ya F. Ya chumba angalau najua ni shilingi ngapi.

Kwa asiyejua mambo ya gitaa, kodi ni sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, na kuna zile za kawaida, G, C, D, E maina, hizo unakamata na vidole viwili vitatu na baada ya miezi miwili watu wanakusikiliza huku wanajifanya wamefurahi. Mi nilifika hapo nikajiona nimemaliza, hata dukani kununua mkaa nilikuwa naenda na gitaa mgongoni. Alafu mwalimu wa kwaya akaja na lake, eti huu wimbo wa mavuno G iko juu, wa sauti ya kwanza wanalia kama wamebanwa na mlango, tushuke F. Nikasema sawa mwalimu. Hiyo sawa ndo imenifikisha hapa.

F bwana. Kidole cha shahada unakilaza freti ya kwanza, yaani ile nafasi kati ya vyuma vya shingoni, kikandamize nyuzi zote 6 peke yake kama komeo la mlango, wakati huohuo cha kati kiende freti ya 2 uzi wa tatu, cha pete na kile kidogo vibanane freti ya 3 uzi wa tano na wa nne. Unapiga, unasikia pu pu pu kama mtu anagonga debe. Uzi wa kwanza ukilia wa pili umekufa, ukiufufua wa pili wa tatu unakoroma, kumbe unaingia kwenye ule mkunjo wa kiungo cha kidole, na mkunjo nimezaliwa nao sasa niupeleke wapi. Nikaambiwa kilaze kwa ubavu, upande wa mfupa, sogea karibu na chuma cha freti, dole gumba liwe nyuma ya shingo katikati, alafu vuta kwa mkono mzima usikamue kama unafua jinzi. Nimefanya yote. Cha ajabu umbo hilohilo ukilipeleka freti ya 5 linalia safi kabisa, kwa sababu kule juu kabisa mwanzo wa shingo nyuzi ni ngumu na zimekaa juu, huku chini zinalegea. Ila freti ya 5 inakuwa A. Na A mimi ninayo!

Gitaa lenyewe nimenunua mtumba, nyuzi za chuma, zimenyanyuka mjusi anapita chini bila kuinama. Fundi akasema kile kipande cheupe zinapopitia nyuzi kinatakiwa kuchongwa mifereji kidogo zishuke, akataja hela, nikalibeba gitaa langu nikarudi nalo.

Na mtu asiniambie habari ya kapo, kile kidude cha kubana nyuzi shingoni. Nilikuwa nayo. Unaibana freti ya 3, unapiga D yako uliyoizoea, inatoka F bila jasho. Mama watoto akaiona mezani akajua kibanio cha nguo, ikakaa kwenye kamba imeshika suruali ya mtoto siku mbili, siku ya tatu ikaondoka pamoja na suruali.

Alafu kuna mzee hapa jirani, mtu wa Morogoro, kila akisikia napiga pu pu anasogeza kigoda, "Mbaraka Mwinshehe amefariki 1979 hajafika hata miaka 35, nyimbo zote zile kaacha. Wewe una mingapi?" Nina 41 mzee wangu, shikamoo, ngoja nihamie ndani.

Juzi ndo nimechoka kabisa. Nimeenda kusajili laini, mashine inataka alama za vidole. Mi fundi tailizi, mkono wa kulia saruji ilishafuta kila kitu zamani, huyo dada akasema lete kushoto, cha shahada. Mashine ikawaka nyekundu. Akakifuta na kitambaa, nyekundu. Akakigeuza kwenye mwanga akaona mifereji ya nyuzi, akaniangalia usoni.

"Kaka hiki kidole kimekanyagwa na nini?"

"Hapana dada, ni kodi hiyo."

Foleni nzima nyuma yangu ikanyamaza. Mama mmoja akasema jamani, sasa hivi wanakuja mpaka kwenye vidole? Nimeondoka bila laini na nimepewa pole na watu wanne.

Sasa mama mwenye nyumba chumba chake na changu ni ukuta mmoja. Saa nne usiku mi nahangaika, ikigoma natukana, kodi gani hii, kodi ya kishenzi, hii kodi itaniua. Asubuhi nimeinama napiga mswaki akanisimamia kichwani. "Baba Junior, kama kodi ni kubwa si useme tuongee, kuliko kunitukania usiku watoto wanasikia." Nikamwambia shikamoo mama, hapana, sio ya kwako, hii ni kodi ya gitaa.

"Kumbe hata gitaa umepanga?"

Ntaanzia wapi. Nikasema ndio mama.

Wiki nzima nikawa nafanya mazoezi na mdomo umefungwa, kidole kinauma mpaka kifungo cha shati nafungiwa na mtoto. Jana usiku nimekaa kitandani, sina hata nia, nikalaza kidole, nikavuta mkono, nikashusha uzi mmoja mmoja. Wa sita, upo. Wa tano, upo. Wa nne. Wa tatu. Wa pili, nikaacha kuhema. Wa kwanza, tiiing. Nikazipiga zote kwa pamoja, ikajaa chumba kizima, nikasahau saa nikasahau ukuta, nikaruka juu nikapiga kelele mama watoto amka, kodi imetoka, kodi imetokaaa!

Hata dakika haikuisha mlango ukagongwa.

"Baba Junior, hodi. Nimesikia imetoka."