Utitiri wa Mijusi Usipangwe kwa Jina la Mwenyeji Wake

Mgeuze chali mjusi kafiri, umtazame katikati ya vidole kwa kioo cha kukuzia: mara nyingine utaona vitone vyekundu vilivyong'ang'ania ngozi kama chembe za pilipili. Hao ni utitiri. Wengi watasema ni kupe, wala hawajapotea mbali, kwa kuwa kupe na utitiri ni jamaa. Linalonikera ni desturi ya kuwaita wote hao "utitiri wa mijusi", kana kwamba kula chungu kimoja ni udugu wa damu.

Mjusi mmoja aweza kubeba wageni wasio na nasaba ya karibu. Familia ya utitiri iitwayo Pterygosomatidae ina jenasi (kundi la spishi za karibu) Geckobia, ya mijusi kafiri, na Pterygosoma, ya mijusi aina ya agama. Mwili wa Pterygosoma ni mpana kuliko urefu wake, umbo linaloufaa kujibana chini ya magamba. Matundu ya kupumulia ya familia hii yako karibu na mdomo. Utitiri Ophionyssus natricis, msumbufu mkubwa wa nyoka wanaofugwa, anayepatikana pia kwa mijusi, hupumulia ubavuni karibu na miguu, na kwa hiyo amewekwa kwenye oda (kundi lililo juu ya familia) nyingine kabisa. Nao utitiri wa familia ya Trombiculidae hujilisha kwa mjusi wakiwa lava tu, yaani wachanga wa miguu sita. Wakishafikisha miguu minane huishi udongoni na kuwinda. Spishi zao nyingi zinajulikana kwa lava peke yake, na mtaalamu hulazimika kuhesabu vinyweleo vya ngao ya mgongoni, kazi ya kuumiza macho.

Atakayewapanga kwa mwenyeji, yaani mnyama wanayemnyonya, ataipasua hata familia moja, maana Pimeliaphilus, aliyemo ndani ya Pterygosomatidae, hunyonya pia mende na nge. Jina la Zonurobia, jenasi nyingine ya utitiri, lililotolewa na mtaalamu Lawrence mwaka 1935, lilitokana na Zonurus, jina la mijusi ambalo wataalamu wameshaliacha. Utitiri umebaki nalo. (Sisi wenyewe tuliwagawa mijusi kuwa kafiri na islamu, basi tusicheke sana.)

Simaanishi kwamba mwenyeji apuuzwe. Jina lake liandikwe kwenye lebo ya kichupa cha spiriti, pamoja na mahali, tarehe na sehemu ya mwili alikotolewa mdudu, kwani aliyetoka kwapani na aliyetoka kidoleni huenda wasiwe spishi moja.