Chupa Hazijui Jumapili

Jumapili iliyopita, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la taa, pipeti mkononi, simu nimeibana baina ya sikio na bega. Upande wa pili alikuwa mama, kijijini Jambiani, Unguja, ndiyo kwanza amepanda kutoka pwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko kwenu leo si Jumapili? Mbona nasikia mashine?"

"Niko kazini. Nawahamisha."

"Bado na ule mwani wako usioonekana?"

"Ndiyo ule ule, mama."

Mama analima mwani tangu mimi niko shule ya msingi. Bamvua ikiingia na maji yakitoka mbali, anashuka na kamba zake na vigingi, anafunga vipande kimoja kimoja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na hakuna harusi wala maziko yanayoweza kuisogeza bamvua. Mimi nilisoma biolojia ili nitoke kwenye maisha hayo. Nimeishia Ulaya, kwenye maabara ya chuo, nikiwafuga mwani wenye seli moja, na kalenda yangu inaendeshwa na chupa 24.

Ninaowafuga ni klamidomonasi. Nasema "ninaowafuga" kwa makusudi, wanasarufi wanivumilie, maana kitu kinachoogelea siwezi kukiita "hiyo". Mmoja ana upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Mweke chini ya hadubini utamwona: kijani, mviringo, na mbele ana mijeledi miwili inayokata maji kwa pamoja, kama mtu anayeogelea kwa mikono yote miwili, ila yeye anapiga kama mara hamsini kwa sekunde. Ubavuni ana kidoa chekundu kinachomsaidia kujua mwanga unatokea wapi. Weka taa upande mmoja wa sahani, nenda kachemshe chai, ukirudi utakuta ukingo mmoja umegeuka kijani kibichi na upande wa pili maji meupe. Nimeshaliona hilo mamia ya mara na bado huwa nawaita wageni waje waone.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumatano na kila Jumapili nachota tone kutoka kila chupa ya zamani, nalitia kwenye chupa mpya yenye chakula kipya, ya zamani naimwaga. Chupa 12 zina chumvi, nyingine 12 hazina. Kila baada ya miezi kadhaa naongeza chumvi kidogo. Kisha nasubiri vizazi vipite, nione nani amezoea na amezoeaje. Ndiyo mageuko hayo, viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Filamu za wanyama zimetufanya tudhani kuyachunguza ni kuzunguka porini na kofia, kumbe kwa wengi wetu ni kuosha vyombo.

Mwaka 2019 Matthew Herron na wenzake kule Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mtu wa fani yetu analijua. Waliwaweka klamidomonasi pamoja na paramesiamu, kiumbe mwingine wa seli moja anayewala, wakawahamisha kila wiki kwa wiki 50. Katika makundi matano yaliyoishi na mlaji, mawili yalibadilika: seli zikawa zinaishi zimeshikamana kwa mafungu, na tabia hiyo ikaendelea hata mlaji alipoondolewa. Kiumbe wa seli moja ameanza kuwa wa seli nyingi, mbele ya macho ya watu, ndani ya mwaka! Nilipoisoma mara ya kwanza nilistaajabu matokeo. Sasa nikiisoma nastaajabu zile wiki 50. Katika makala ni mstari mmoja tu, "walihamishwa kila wiki". Ndani ya mstari ule kuna sikukuu za mtu, mafua ya mtu, na mtu aliyemwambia mwenzake "nitachelewa kidogo" akarudi usiku.

Na ndipo lilipo lalamiko langu. Sayansi inahesabu mavuno, haihesabu malezi.

Wenzetu wa bakteria wana nafuu moja kubwa. Jaribio maarufu la Richard Lenski la kufuatilia mageuko ya bakteria, lililoanza mwaka 1988, lina friji yake: kila vizazi 500 wanagandisha sampuli. Korona ilipokuja mwaka 2020, wakawagandisha bakteria, wakafunga milango, baadaye wakawayeyusha na kuendelea. Klamidomonasi hakubali hivyo kwa urahisi. Inabidi atiwe methanoli, aina ya alkoholi, apozwe taratibu, azamishwe katika naitrojeni ya maji iliyo baridi kupindukia, na hata hapo wengi wanakufa. Kwa mtu wa mageuko hilo ni balaa la pili, kwa sababu waliookoka huenda si sawa na waliokufa, na kwa hiyo ulichokihifadhi si kile ulichokitia. Njia ya kuaminika ni kuwaweka hai, na kuwaweka hai maana yake ni mkono wa mtu.

Aina nyingi tunazotumia maabarani zinatokana na udongo uliochotwa katika shamba la viazi karibu na Amherst, Massachusetts, Marekani, mwaka 1945. Fikiria miaka yote hiyo ya kupokezana vijiti: mtu anastaafu, sahani zinachukuliwa na mwingine. Baadhi ya nasaba hizo haziwezi kutumia naitreti, chakula cha kawaida cha mimea, na wala hazijali, maana tunazilisha amonia. Maabara imewafanya mifugo, kama ng'ombe.

Mama alishaniuliza kama mwani wake ndio unaoingia kwenye zile sahani zangu za kuoteshea. Nilisikitika kumwambia hapana. Agari, ile jeli tunayoijaza kwenye sahani, inatoka kwa mwani mwekundu wa jamii nyingine. Wake unatoa karagini, ile inayozitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Wala wake na wangu si ndugu wa karibu, mmoja mwekundu na mwingine kijani. Ni Kiswahili tu kilichowapa jina moja. Lakini tabu yao inafanana zaidi ya anavyodhani. Kilimo cha mwani Unguja kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na kinachoitwa mbegu ni kipande kilichokatwa kwenye kipande kilichokatwa kwenye kipande. Hakuna baba wala mama, ni mwili ule ule unaogawanywa. Sasa maji ya kina kifupi yamepata joto, aina ya mwani iitwayo kotonii inapauka na kukatika, na wanawake wengi wamehamia aina nyingine, spinosumu, ambayo inastahimili lakini bei yake ni ya kusikitisha. Siku moja nilijaribu kumweleza mama habari ya uhaba wa tofauti za kijeni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mbegu imechoka. Hilo tunalijua." Basi.

Turudi kwenye lalamiko. Mkataba wangu ni wa miaka mitatu. Katikati ya mwaka wa pili niliitwa mbele ya jopo la kutathmini kazi yangu, nikaulizwa nina makala ngapi. Nikasema moja, ya njia za utafiti. Mzee mmoja, mpole kabisa, akaniuliza kwa nini nisitafute kiumbe wa haraka zaidi. Sikuwa na jibu zuri pale. Ningemtajia watafiti Sinéad Collins na Graham Bell, ambao waliwaotesha klamidomonasi katika kaboni dioksidi nyingi kwa vizazi kama 1000, wakachapisha mwaka 2004 kwamba hawakuona viumbe hao wakiizoea hali ile hasa kama ambavyo ungetarajia. Jibu lilikuwa "hapana", na ni jibu lenye thamani kubwa kwa kila anayetaka kujua mwani wa baharini watafanya nini hewa ikibadilika. Hapana ya kizazi cha 1000 haipatikani kwenye kizazi cha 100. Ukiacha njiani huna "hapana", una chupa chafu.

Sisemi watu wapewe fedha bila kuulizwa. Ninachotaka ni kidogo sana: kila maabara yenye nasaba za muda mrefu iwe na mtu mmoja wa kudumu kazi yake kuzihamisha, alipwe vizuri, na jina lake liwe miongoni mwa waandishi, si pale chini kwenye shukrani pamoja na aliyetoa picha. Kwetu yupo fundi, mama mmoja wa makamo asiye na shahada ya uzamivu. Mwaka jana saa inayowasha na kuzima taa iliharibika wakati wa mapumziko ya Krismasi na kabati likawa giza. Chuo kizima kimefungwa. Yeye alipita "kuchungulia tu", siku ya tatu, akakuta chupa zimeanza kupauka. Alikaa na taa ya mezani hadi usiku akiwazungusha. Tulipoteza nasaba tatu badala ya zote. Kwenye rasimu ya makala nimemweka mwandishi wa pili, na nimeshaulizwa kwa barua pepe kama nimekosea.

Mkataba unakwisha Machi. Hayo yote nilikuwa nikimsimulia mama huku nachota na kumimina, chupa baada ya chupa, naye akiitikia "ehe, ehe" huku nasikia maji yakimwagika, bila shaka anaosha miguu.

"Sasa ukirudi, nani atawalisha?"

Nikamwambia ndilo ninalolitafutia njia.

"Si umesema unawazoesha chumvi?"

"Ndiyo mama."

"Basi waje nao. Bahari ipo."

Nilicheka hadi ncha ya pipeti ikagonga kioo. Zilikuwa zimebaki chupa tano.