Sura ya Chuo ni ya Mwenye Chuo, Alama ni za Nani?

"Si ulichagua mwenyewe kuja hapa?" Mwanafunzi Mwislamu akilalamika mjini Moshi kwamba semina imewekwa saa ya swala ya Ijumaa, au Msabato akiomba asikalishwe mtihani Jumamosi, swali hilo humfikia kabla ya barua ya ofisi. Huulizwa na wenzake wa darasani, wakati mwingine na mwalimu, na mara nyingi bila chuki yoyote. Lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linastahili kupimwa badala ya kupuuzwa.

Huku kaskazini makanisa yalitangulia vyuo kwa miongo mingi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi Machame mwaka 1893. Shule zilifuata kanisa, zahanati zikafuata shule, hospitali ya KCMC ikafunguliwa mwaka 1971, na vyuo vikuu vikaja juu ya msingi huo. Chuo Kikuu cha Mwenge ni cha Wakatoliki. Ukishuka Usa River, upande wa Arusha, utakuta Makumira cha Walutheri na Chuo Kikuu cha Arusha cha Wasabato. Vya umma vipo pia: Ushirika pale Moshi, Uhasibu kule Njiro, Chuo cha Ufundi Arusha. Wala Uislamu si mgeni aliyeshuka na basi la wanafunzi. Waislamu wa Bondeni mjini Moshi, wa Masama, wa Ugweno na Usangi wana makaburi ya mababu zao hapa hapa. Ni wangapi, hakuna takwimu ya serikali itakayokuambia, kwa sababu sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967. Fomu ya kujiunga na chuo, ajabu, bado inauliza, na asiye na dini hujikuta anatafuta cha kuandika kwenye ule mstari.

Nianze na upande wa mwenye chuo, maana katika mijadala hii huwa unadharauliwa. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani. Ibara hiyo hiyo inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kanisa lililokusanya sadaka za waumini likajenga chuo lina haki ya kukifanya kifanane nalo: ibada ya asubuhi, msalaba ukutani, sala kabla ya mahafali, kanuni za mavazi. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro nacho hupokea Wakristo, na hakuna Mkristo mwenye akili timamu anayekwenda kule akitarajia kukuta mazingira ya sekondari ya kata. Ukivua kila taasisi sura yake ili mgeni asisikie tofauti, umemwibia aliyeijenga. Isitoshe, wanafunzi wengi wa imani nyingine hupeleka maombi kwenye vyuo hivyo kwa sababu ya malezi na nidhamu, na nidhamu hiyo haikuota yenyewe.

Kwa hiyo hoja ya "ulichagua" ina uzito. Lakini tuangalie kijana anachagua nini hasa. Anachagua kozi. Anaangalia ufaulu wake wa kidato cha sita, anaangalia wapi kuna nafasi ya uuguzi au ualimu wa sayansi, anaangalia nauli na kodi ya chumba, kisha anasubiri majina ya Bodi ya Mikopo. Dini ya mwenye chuo huja mwishoni kabisa, ikija. Binti wa Kiislamu wa Pasua anayetaka udaktari bila kuhama mkoa hana orodha ndefu ya kuchagua.

Pia kuna suala la fedha. Mkopo wa mwanafunzi unatoka hazina na unamfuata mpaka kwenye chuo cha kanisa, ukilipa ada huko. Tangu hati ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa, huduma za jamii zinazoendeshwa na makanisa zimekuwa na ushirika wa wazi na serikali. Silalamikii hilo hata kidogo, maana bila makanisa sijui Kilimanjaro ingetibiwa wapi. Nasema tu kwamba kodi ya muuza mitumba wa Bondeni imo humo ndani. Nyumba iliyopokea mchango wa majirani wote haiwezi kumwambia mmoja wao kwamba hapa ni kwetu peke yetu.

Mpaka ninaouona mimi unapita hapa. Sura ya chuo ni ya mwenye chuo. Alama ni za mwanafunzi, pamoja na kitanda alicholipia, mlo alioulipia, na nafasi ya kukalia mtihani. Chuo kinaweza kunikumbusha kila asubuhi kwamba ni cha kanisa, kikaninyima kipaza sauti cha adhana, kikakataa kujenga msikiti uwanjani kwake. Kisiweze kunipunguzia mahudhurio hadi nikose sifa ya kukalia mtihani kwa sababu sikuwa kwenye ibada.

Mtu akikubali mpaka huo, migogoro mingi inabaki kuwa ya ratiba, na ratiba zina gharama zisizolingana. Ijumaa ni rahisi. Swala yake huku huangukia kati ya saa sita na nusu na saa saba na robo mchana, na mahali pengi hapo ndipo mapumziko ya chakula yalipo, au yanaweza kusogezwa kidogo. Mkuu wa idara anayeshindwa kuhamisha semina kwa nusu saa hajashindwa na sheria. Hajataka tu.

Sabato ni ngumu zaidi, tusidanganyane. Inaanza jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, na vyuo vya umma vyenye wanafunzi wanaofanya kazi hutegemea sana jioni na Jumamosi. Kumpa Msabato mtihani siku nyingine kunadai karatasi ya pili yenye uzito ule ule, au kumweka chini ya uangalizi siku nzima wenzake wanapofanya, ili maswali yasivuje. Mwalimu mwenye darasa la mamia ana haki ya kuguna. Na mwanafunzi mwingine ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake apate usiku mmoja zaidi wa kusoma. Nikipima, bado naona chuo kibebe mzigo huo kwa mtihani wa mwisho wa muhula, kwa sababu hasara ya upande wa pili ni mwaka mzima wa mtu. Kwa jaribio dogo la darasani au kipindi cha kawaida, mwanafunzi naye abebe wake: aazime madaftari, asome peke yake. Na aandike barua wiki ya kwanza ratiba inapotoka. Anayekwenda ofisini Alhamisi kwa mtihani wa Jumamosi ameomba muujiza.

Kuhusu barua hizo, sheria haiko kimya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya wanafunzi Mashahidi wa Yehova kutoka Mbeya walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia, Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Wimbo wa taifa, katika nchi hii! Ikiwa dhamiri ya mwanafunzi wa sekondari ilisikilizwa mbele ya alama ya taifa, dekani wa wanafunzi hana sababu ya kuiona ratiba ya semina kuwa takatifu.

Lakini ukiwauliza wanafunzi wenyewe, wengi hawatakutajia ratiba kwanza. Watakutajia chumba. Wenzako watatu hosteli wanaofanya maombi kwa sauti hadi usiku wa manane, wakikutaja kwa jina ufunguliwe. Utani wa "gaidi" kwa mwenye ndevu, uliozidi makali Arusha baada ya bomu la Olasiti la Mei 2013 lililoua watu watatu kanisani. Hofu ya waumini wa parokia ile ilikuwa ya kweli na hakuna aliyestahili kuidharau, ila haikumhusu kijana wa mwaka wa kwanza aliyeshika tasbihi kwenye daladala. Kikao cha serikali ya wanafunzi katika chuo cha umma, kinachofunguliwa kwa jina la Yesu na kufungwa vivyo hivyo, na hakuna anayeona ajabu. Kampeni za uongozi zinazopita kimyakimya kwenye vikundi vya ibada kabla hazijafika ubaoni.

Mwanafunzi mwenzako kukuhubiria ni uhuru wake, hata akikuchosha, na nawe una uhuru wa kusema hapana na kulala. Pabaya ni pale anayehubiri ndiye anayesahihisha. Msimamizi wa utafiti anayemwalika mwanafunzi wake kwenye ibada kila wiki huenda ana nia njema kabisa. Mwanafunzi anayesubiri saini yake hasikii nia, anasikia saini. Hilo ningelikataza kwa maandishi katika kila chuo, cha dini na cha umma, na kwa walimu wa dini zote.

Walio wachache nao si malaika. Wapo wanaogeuza kila alama ya D kuwa mateso ya imani. Wapo wanaokataa kula meza moja na wengine kisha wanashangaa kutengwa, na jumuiya za wanafunzi wa dini ndogo zinazomfokea mwenzao aliyechagua marafiki nje ya kundi kuliko zinavyomfokea dekani. Na Mlutheri anayejiona mwenyeji Moshi akahamishiwa Unguja mwezi wa Ramadhani, ghafla yeye ndiye anayetafuta mahali pa kunywa chai bila kutazamwa. Katika nchi hii wachache na wengi hubadilishana zamu kwa tiketi ya basi na boti.

Swali ambalo bado sijalimaliza ni la mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa uuguzi anapelekwa kwenye hospitali ya kanisa, ambako zamu ya asubuhi huanza kwa neno na sala wodini, na zamu ya kuongoza huzungushwa kwa majina. Kusimama kimya wakati wengine wanasali sidhani kama kunamvunjia dini yake, na wagonjwa wengi wanaipenda sala ile. Kumtaka aiongoze ni jambo jingine, na ikiwa fomu ya tathmini ina kipengele cha ushiriki, muuguzi mkuu atakuwa anaipa alama imani ya mwanafunzi bila kukusudia. Hapo chuo kilichompeleka ndicho kinachopaswa kuandika kwenye barua ya utambulisho kwamba sala haitathminiwi.