Wakfu wa Chuo cha Ufundi Usiwe Harambee

Mwaka juzi nilialikwa kwenye chakula cha jioni cha wakfu wa chuo kimoja cha ufundi hapa Pwani. Kiti shilingi elfu kumi. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, biriani ikapoa, kisha ahadi zikaanza kumiminika: huyu laki mbili, yule laki tano, makofi. Zilikuwa za kununua mashine ya kukereza chuma. Mwezi uliopita nilipita kwenye karakana ile. Pale mashine ilipotakiwa kukaa pana jukwaa la zege, limesawazishwa vizuri, na bolti nne zimechomoza juu zikishika kutu. Mwalimu wa karakana aliniambia ahadi zilizolipwa hazikufika nusu, na hoteli nayo ilikuwa na bili yake.

Waliotoa ahadi siwalaumu sana. Harambee ndivyo ilivyo: mtu huahidi mbele ya watu, kesho mambo yanambana, na hakuna wa kumfuata. Lawama yangu ni kwa wanaojiita wakfu kisha wakafanya harambee.

Sisi watu wa Mombasa neno hilo hatukulipata kwenye semina. Mtu huweka duka wakfu kwa ajili ya msikiti. Halitauzwa, halitarithiwa, na kodi yake ndiyo inayonunua mikeka na kulipa maji. Mwenye kuliweka amezikwa zamani, wanawe wamezikwa, kodi bado inaingia. Asili haiguswi, kinacholiwa ni pato. Vyuo vimechukua jina vikaiacha maana: kila kinachoingia kinatumika mwaka huohuo, na mwaka ujao bakuli linatembezwa upya.

Kuchangia elimu ya ufundi si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi 1951. Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar alitoa pauni 100,000, Aga Khan akatoa kiasi hichohicho, Mabohora, Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, wakatia zao. Bara nako, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa Nyeri walichanga wakapata chuo cha ufundi cha Kimathi, wa Kakamega wakapata chuo kilichoitwa WECO, na vyote viwili leo ni vyuo vikuu. Harambee zile zilifaa kwa sababu kilichotakiwa kilikuwa kuta na paa, na ukuta hujengwa mara moja. Karakana ni mdomo unaokula kila siku. Vijiti vya kuchomelea vinaisha, gesi inaisha, beringi zinakufa. Hakuna mgeni rasmi atakayekuja kuchangia beringi!

Kwa hiyo ningeanza na kiwanja. Vyuo vingi vina ukuta mrefu unaotazama barabara, na nje yake wachuuzi wamejipanga juani. Geuza upande huo uwe vibanda vya kukodisha, vijengwe na wanafunzi wenyewe wa uashi na umeme, kodi iingie kwenye mfuko ambao mkuu wa chuo hawezi kuutia mkono peke yake. Na wasimamizi wachaguliwe kwa makini. Tunazijua mali za wakfu zilizoliwa na waliopewa kuzilinda.

Kisha wahitimu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Changamwe kwa fundi wa friji aliyesoma chuo kile chenye jukwaa tupu, sasa ana vijana wanne chini yake. Nilimwuliza kama ameshawahi kukichangia.

"Kaka, tangu nitoke pale 2004 hawajanipigia hata kujua kama ni hai. Nitume kwa nani?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, akanionyesha daftari la chama chao cha kuchangiana, kurasa zimelowa grisi: mia tano kila mwezi, miaka tisa, hakuna mwezi ulioruka. Mtu wa namna hii kadi ya elfu kumi haimfikii, na hata ikimfikia hana suti. Lakini wakipatikana 400 kama yeye, ni laki mbili kwa mwezi, zinatumwa kwa M-Pesa bila biriani wala mahema. Mwisho wa mwaka apelekewe ujumbe mfupi: mfuko umefikia hapa, pato lake limenunua hiki.

Najua nitaambiwa wanafunzi wa leo hawawezi kungoja mfuko ukue. Ni kweli. Basi nusu itumike, nusu ilale, hadi mfuko usimame. Ninachokataa ni kutumika yote.

Yule fundi alitaka kuanza siku ileile. Nikapiga simu chuoni kuuliza atume wapi. Nikaambiwa awe na subira, kadi za chakula cha mwaka huu zitatoka Septemba.