Wimbledon haikuhama, iliporwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa banda la mpira mtaani kwetu, tunasubiri mechi ya saa mbili na nusu usiku. Kwenye skrini yalikuwa yanapita matokeo ya madaraja ya chini ya England, likapita jina la MK Dons, timu ya mji wa Milton Keynes. Kijana aliyekaa mbele yangu akamwambia mwenzake, kwa uhakika kabisa: "Hawa ndio Wimbledon wa zamani, walihama mji tu." Mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Mpira ukaanza, banda likachangamka, mimi nikakaa dakika tisini nikiwa na donge kooni.

Hawakuhama. Naomba nilieleze hili kwa sababu limenikaa moyoni miaka mingi.

Wimbledon, klabu ya kusini mwa London, niliipokea kwa mjomba. Mwaka 1988 huku Bara hatukuwa na televisheni, na mjomba alikuwa na redio ya masafa mafupi ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Alimpenda John Fashanu, mshambuliaji mwenye baba Mnigeria, na kupitia Fashanu akaipenda timu nzima. Mei 14 mwaka huo Wimbledon ilikutana na Liverpool kwenye fainali ya Kombe la FA. Liverpool walikuwa mabingwa wa ligi. Wimbledon, miaka kumi na moja tu nyuma, haikuwa hata ndani ya ligi yenyewe. Iliingia mwaka 1977 kwa kupigiwa kura na klabu nyingine, ikaanzia daraja la nne, na kufikia 1986 ilikuwa daraja la juu. Lawrie Sanchez akafunga kwa kichwa kutokana na mpira wa adhabu wa Dennis Wise. Kipindi cha pili Liverpool wakapata penalti, John Aldridge akapiga, Dave Beasant akaruka kushoto kwake akaupangua. Hakuna kipa aliyewahi kuokoa penalti kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley kabla yake. Ikaisha 1-0. Mjomba alitoka nje ya nyumba akazunguka uani peke yake, anacheka.

Uwanja wao wa Plough Lane ulikuwa mdogo na umechoka. Baada ya maafa ya Hillsborough ya 1989, mashabiki walipobanwa hadi kufa uwanjani, viwanja vya madaraja ya juu vilitakiwa viwe na viti pekee, watu wasisimame. Plough Lane haukuwa na uwezo huo, na mwaka 1991 timu ikaenda kupanga Selhurst Park kwa Crystal Palace. Hapo nakubali: klabu ilikuwa na tatizo la kweli, na fedha hazikuwepo za kutosha. Lakini kukosa nyumba si sababu ya kuwanyang'anya watu jina lao.

Mei 2000 wakashuka kutoka Ligi Kuu. Mwaka uliofuata wenye mali wakatangaza kuwa wanataka kuipeleka Milton Keynes, mji ulio karibu kilomita 90 kutoka Wimbledon. Mashabiki wakaandamana, wakaandika, wakasusia. Mei 28, 2002, tume ya watu watatu iliyoundwa na FA, chama cha soka cha England, ikapiga kura. Wawili wakakubali uhamisho, mmoja akakataa. Na ndani ya maelezo ya tume kuna sentensi ambayo kila nikiikumbuka nachemka: kwamba kuifufua klabu upya kutoka kwenye majivu yake, kwa jina kama Wimbledon Town, hakungekuwa kwa maslahi mapana ya soka.

Soma tena hapo. Watu waliokata tiketi tangu enzi za babu zao waliambiwa kwamba hata wakianza moja, wanaudhuru mpira.

Wakaanza moja. Juni 29 wakatangaza majaribio kwenye viwanja vya wazi vya Wimbledon Common, wakajitokeza wachezaji 230. Hawakuwa na kocha wa mshahara mkubwa, hawakuwa na uwanja. Julai 10, siku 43 tu baada ya ile kura, AFC Wimbledon ilicheza mechi yake ya kwanza, ya kirafiki, na Sutton United. Walifungwa 4-0. Walikuja watu 4,657 kuangalia timu ambayo mwezi mmoja kabla haikuwepo, na ilipoisha wakaingia uwanjani kuwakumbatia wachezaji waliofungwa manne.

Ligi waliyopewa ni ya daraja la tisa. Mechi ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Sandhurst Town, ilipata watazamaji 2,449. Msimu huohuo klabu ya zamani, bado Selhurst Park ikisubiri kuhamishwa, bado daraja la pili, ilicheza mechi ambayo haikufikisha watu elfu moja. Hapo ndipo ninapomjibu kijana wa banda. Cheti cha usajili kilikuwa upande mmoja, watu walikuwa upande mwingine. Ukitaka kujua klabu iko wapi, angalia watu wamekwenda wapi. Nembo inaweza kuuzwa, mkataba wa wachezaji unaweza kuuzwa, nafasi kwenye ligi ikauzwa pia kama ilivyotokea. Yule mzee aliyekwenda Plough Lane na baba yake, kisha akampeleka mwanawe, huyo hakuwa kwenye orodha ya mali, kwa hiyo hakuuzwa, na klabu ikabaki kwake.

Tangu Februari 2003 hadi Desemba 2004 hawakupoteza mechi ya ligi, mechi 78 mfululizo. Msimu wa 2003-04 walishinda 42 kati ya 46, wakatoka sare nne. Walipanda daraja mara tano ndani ya misimu tisa. Mei 2011, mjini Manchester, waliitoa Luton kwa penalti baada ya 0-0, wakaingia kwenye ligi ile ile ambayo mwaka 1977 Wimbledon iliingia kwa kura. Misimu tisa kwenda juu zamani, misimu tisa tena. Yote haya klabu ikiwa mikononi mwa mashabiki wenyewe kupitia Dons Trust, umoja wao wa mashabiki, mwanachama mmoja kura moja. Sisi wa Simba na Yanga, tunaobishana kila mwaka kuhusu asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji, tungewasoma hawa vizuri kuliko tunavyosoma habari za usajili.

Watoto wa Milton Keynes siwalaumu. Wengine wamezaliwa wakaikuta timu pale, wameipenda, na mapenzi yao ni ya kweli. Waiite MK Dons, timu yao ya tangu 2004, waijivunie. Ila Kombe la 1988 si lao, na wenyewe walikubali: mwaka 2007 nakala ya kombe hilo na kumbukumbu zote za Wimbledon zilirudishwa kwenye halmashauri ya Merton, London, mtaa ule ule zilikotoka.

Novemba 3, 2020 walirudi Plough Lane. Uwanja mpya, jirani na pale ulipokuwa wa zamani, mashabiki wakiwa wamechanga zaidi ya pauni milioni 5 kwa kuikopesha klabu yao ili ujenzi usikwame. Walitoka 2-2 na Doncaster. Kwa sababu ya korona hakuruhusiwa shabiki hata mmoja kuingia. Miaka 29 ya kusubiri kurudi nyumbani, na usiku wa kurudi wakauona kwenye simu na televisheni zao, viti vikiwa vitupu.

Mjomba alifariki mwaka 2001, timu ikiwa bado Selhurst Park. Usiku ule wa Doncaster niliwasha simu nikaangalia mechi nzima hadi mwisho, na redio yake, ambayo ninayo hadi leo, nikaiweka mezani pembeni yangu.