Leza ya Chungwa: Ugumu Uko Kwenye Vioo

Anayetaka kujiundia leza ya hali mango, ile inayotoa mwanga kutoka kwenye fuwele, ya rangi ya chungwa hujibiwa upesi kwamba anapoteza muda. Changanya leza nyekundu na ya kijani, jicho litaona chungwa, yaishe. Jibu hilo lina mantiki. Daiodi, yaani vipande vidogo vya umeme vinavyotoa mwanga wa leza, za rangi hizo mbili zinapatikana, ilhali katikati yake kuna pengo ambalo teknolojia ya daiodi haijaliziba vizuri. Kwa taa za jukwaani, mchanganyiko unatosha kabisa.

Lakini pitisha mwali huo kwenye prizimu. Papo hapo unatengana, nyekundu huku, kijani kule, na chungwa halipo. Anayetaka chungwa la wimbi moja, yaani rangi moja halisi isiyo mchanganyiko, hana njia ya mkato, na naona watu hawa wanahukumiwa kabla hawajasikilizwa.

Njia zao hasa ni mbili. Ya kwanza hutumia neodimiamu, metali inayotiwa kidogo ndani ya fuwele: fuwele moja inatoa infraredi ya nanomita 1064 (kipimo cha urefu wa wimbi, unaoamua rangi) pamoja na ya 1342, kisha fuwele nyingine inaziunganisha ziwe 593.5. Kwenye karatasi inapendeza. Mezani, wimbi la 1064 lina nguvu zaidi na humla mwenzake, kwa kuwa yote mawili yanachota nishati ile ile. Tena hayaonekani kwa macho, kwa hiyo fundi anarekebisha gizani vile vioo vinavyourudisha mwanga ndani ya fuwele tena na tena mpaka uwe leza.

Njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo ya fundi wa nyumbani, ni praseodimiamu, metali nyingine ya jamii hiyo, ndani ya fuwele ya floridi ya lithiamu na yitriamu. Daiodi ya bluu ya nanomita 444 hivi huipiga fuwele, na chungwa la 607 linatoka moja kwa moja. Daiodi ikipata joto rangi yake husogea na fuwele huanza kuikataa, ila hilo hutibika kwa kuipoza.

Kinachonisumbua mimi ni namba 33. Praseodimiamu hiyo hiyo hupenda zaidi kutoa nyekundu ya 640, na kutoka 607 hadi 640 ni nanomita 33 tu. Weka vioo vinavyorudisha rangi zote mbili, nyekundu itashinda, nawe utapata leza safi kabisa ya rangi usiyoitaka. Kioo kinatakiwa kirudishe karibu chungwa lote, na hapo hapo kiiachie nyekundu ipotee. Fuwele yenyewe nayo hufyonza chungwa kidogo. Ongezeko la mwanga linalobaki kila unapopita kwenye fuwele ni dogo, hata alama ya kidole kwenye kioo yatosha kuzima kila kitu.

Vioo hivyo hupakwa ndani ya ombwe, tabaka juu ya tabaka, kila moja kwa unene uliopimwa. Hakuna anayevipaka nyumbani. Hapo wapinzani husema: basi si kazi ya mikono yako. Sikubali. Fundi cherehani hafumi kitambaa, na nguo bado ni yake. Kazi ya fundi huyu iko kwenye skrubu za kioo, anazozigusa kwa robo ya robo ya mzunguko huku fuwele ya milimita tano ikitoa mng'ao hafifu uliotawanyika, mpaka ghafla kinatokea kitone kimoja kikali chenye chembechembe zinazocheza ukutani.

Hoja ya wapinzani ninayoikubali bila kubishana ni ya macho. Bluu inayoendesha mtambo huu huwa ya wati nzima, na leza ikizidi nusu wati tu huwa daraja la 4, lile la juu kabisa kwa hatari. Fundi wengi huvaa miwani ya kuzuia bluu, nayo kwa kawaida huwa ya rangi ya chungwa. Inafaa, maana inamruhusu kuona anachokitafuta. Kitone kikishatokea, miwani ile ile inaupitisha mwali mpya hadi ndani ya jicho. Kuanzia hapo marekebisho yafanywe kwa kamera, na mwali uishie kwenye kizuizi cheusi kilichofungwa mezani kabla daiodi haijawashwa.