Redio ilianza lini: mtamboni au nyumbani?

Ukitaja mwanzo wa redio, watu hukimbilia Pittsburgh, Marekani, usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, kituo cha KDKA kilipotangaza matokeo ya uchaguzi wa urais kati ya Harding na Cox. Wengine hubisha: mvumbuzi Fessenden anasemekana kupiga fidla hewani mwaka 1906, na fundi Herrold alishaanza kurusha sauti San Jose, California, mwaka 1909. Ubishi huo una uzito wake. Pasipo mrushaji mwenye saa inayojulikana, redio ni kopo tu.

Lakini hapa Tabora, waulize wazee redio ilianza lini. Watakutajia mwaka ilipoingia nyumbani kwao. Jibu hilo huchekwa, eti mzee hajui historia. Mimi naona analenga palepale.

Redio za miaka ya 1920 za valvu, yaani vitaa vya kioo vya kukuza sauti, zilitaka umeme, au betri za maji za kupeleka mjini kuchajiwa. Zile za fuwele, zilizotumia kipande cha madini badala ya valvu, hazikula umeme wowote, ila kituo kilibidi kiwe jirani. Kwa mtu wa Sikonge au Urambo, kituo kingeweza kuimba usiku kucha asisikie hata mkwaruzo.

Aliyelishika tatizo hilo ni Harry Franklin, ofisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwaka 1949 ikatoka redio aliyoihangaikia, ya valvu nne, imefungwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, rangi ya buluu. Bei pauni 5. Betri yake kavu ilidumu saa 300.

Saa 300! Piga hesabu: saa mbili kila jioni, ni miezi mitano. Kwa kalenda yetu, anayenunua betri Juni akishauza mazao, anafika nayo mvua za Novemba bila kwenda tena dukani. Namba hiyo naipa heshima kuliko mnara wowote, maana najua kukosa betri kulivyo. Babu yangu alikuwa akianika mawe ya redio juu ya bati tangu asubuhi, jioni ayarudishe yakiwa bado ya moto, kisha avute waya wa antena uliofungwa kwenye mwembe mpaka sauti ikae sawa.

Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza 1951. Mwaka 1954 Wamarekani wakaingiza sokoni Regency TR-1, redio ya transista nne (vijidude vidogo vilivyoshika nafasi ya valvu), ya kutia mfukoni. Tarehe ya kwanza hutajwa kila mara. Ya pili haitajwi, ingawa ndiyo iliyofungua njia ya redio ndogo ambazo watu wetu walizitundika mtini wakilima tumbaku.